Sote Tulizaliwa Siku Moja

Jumanne iliyopita walikuja watu wawili nyumbani kwangu hapa Beechmont, mtaa wa Louisville, Esperansi na Zawadi. Hawakupiga simu kwanza. Walivua viatu mlangoni, Esperansi akakaa upande wangu wa kulia, Zawadi akavuta kiti kidogo mpaka magoti yake yakagusa yangu, wakaomba maji na hawakuyanywa. Mtu wa kwetu akiona wageni wameomba maji na glasi bado zimejaa, anajua. Nikauliza, "Ni nani?" Zawadi akasema, "Ni Mama Obedi, koko." Nikauliza tena, "Mama Obedi yupi?" Wala hakushangaa. Akanijibu polepole, kama mtu anayejaza karatasi: "Riziki Nabintu wa Buffalo, mama ya Obedi na Faida, ile mulikaa naye ukuta moja kambini. Nimetoka kule. Nilimuona mwenyewe, nilimushika mukono." Hapo ndipo nikalia. Mara ya kwanza nilipoambiwa kwamba Riziki amekufa, miaka sita kabla ya hapo, nililia bila kuuliza, na kule kulia bila kuuliza kulikuwa sehemu ya mabaya ya mwaka ule.

Watu husema ujana ndio humfunza mtu. Mimi ujana wangu ulipita nikikimbia, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, sikupata nafasi ya kufunzwa. Mwaka ulionifunza ulinikuta hapa Louisville, nina wajukuu, kila mtu ananiita koko, yaani bibi, magoti yamechoka, na karatasi zangu zinasema nina miaka sitini na saba. Ni mwaka tulioweka programu ya hesabu. Tangu Jumanne nikifunga macho siioni Buffalo wala jeneza. Ninaona chumba cha nyuma ya kanisa, kinanuka sabuni ya sakafu na sombe, majani ya muhogo, iliyochemshwa, na juu ya meza mashine nyeusi inapumua kama mbuzi aliyelala.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa. Sisi wa Kivu tunaokaa Louisville, Columbus na Buffalo tuna umoja wa kuzikana, sisi tunauita mituweli. Kila nyumba inatoa kidogo kila mwezi, na mtu akifa hakuna mtoto anayezunguka akiomba jeneza. Zamani kila mji ulikuwa na daftari lake. Buffalo liliandikwa na Papa Zakaria, mzee wa kanisa, mtu wa kucheka kabla ya kusema. Columbus liliandikwa na Papa Amosi wa kule Hilliard, pembeni ya mji, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kulala. Hao wawili waligombea uenyekiti wa umoja mwaka mmoja, wote wakashindwa, akachaguliwa mwingine, na tangu siku ile kila mmoja alimhesabia mwenzake kosa hilo. Hapa Louisville daftari lilikuwa la Esperansi, na kazi yangu mimi ilikuwa kukumbuka. Nilisoma miaka mitatu tu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Nilijua nani ni mama wa nani, nani aliolewa wapi, nani aliyebadilishwa jina kambini na karani mwenye haraka. Daftari likipotea ukurasa, watu walikuja kwangu, ninakaa, ninataja.

Esperansi alikuwa na miaka kama thelathini na nane. Alisoma uhasibu kule Uvira, na hapa anapakia viatu kwenye maboksi katika bohari, akisimama saa kumi kwa siku. Alichoka kupiga simu kila mwezi kuuliza Columbus na Buffalo wamefikia wapi. Akapata kompyuta kuukuu, akapata programu, akatueleza siku ya mkutano. Alieleza kwa chungu, maana kina mama tulikuwa wengi. "Mashine hii ya hapa ndiyo seva. Ni chungu. Ile ya Papa Amosi na ile ya Papa Zakaria ni sahani. Sahani haina chakula yake. Inanyoosha mukono mupaka Louisville, inapakua, inarudisha. Donc, Papa Zakaria akiweka chumvi, hata Papa Amosi atasikia chumvi." Mama Neema, kiongozi wa kwaya, akauliza, "Na chungu kikianguka?" Esperansi akasema kuna namna ya kuweka akiba, kila Jumamosi atachota nakala. Papa Amosi, aliyekuja kutoka Hilliard kwa mkutano, akasema yeye hana haja ya kufundishwa mambo ya chungu, alishatumia kompyuta akiwa mwalimu.

Kuiweka kulichukua Jumamosi nne. Nilikaa pembeni mwa Esperansi na chai yangu, nikasikia kila neno. Papa Zakaria alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa, mke wake nyuma yake anakaanga ndagala, dagaa wa kwetu, mpaka tulisikia mafuta. "Esperansi, inaniuliza jina ya seva. Niandike jina yako ao ya pasta?"

"Andika ile namba nilikupa, papa."

"Ile namba iko ndani ya gari. Na gari, Daniel ameenda nayo kazini."

Tukangoja Daniel, mwanawe mkubwa, atoke kiwandani. Namba ikaandikwa, sahani ikanyoosha mkono, mashine yake ikaukatalia mkono, maana ndani ya mashine kuna mlinzi anayezuia wageni, na Papa Zakaria alikuwa amemwambia mlinzi asimfungulie mtu yeyote. Walipomshinda yule mlinzi na majina ya Louisville yakatokea Buffalo, Papa Zakaria akasoma kwenye simu, "Eliza Mwamini. Koko, uko hapa. Uko ndani ya nyumba yangu." Nilishtuka. Nikajishika mkono.

Papa Amosi yeye alimaliza kwa nusu saa, peke yake, akatuma ujumbe kwamba kazi imekwisha. Wiki mbili aliingiza watu wa Columbus kila akitoka kazini, na sisi huku hatukuona hata mmoja. Alimshtaki Papa Zakaria kwamba anawafuta. Esperansi akaendesha mpaka Hilliard kuangalia, akarudi akicheka hata machozi. Programu ilikuwa imemuuliza kama anataka sahani au chungu, naye akachagua chungu. "Koko, alipika kwake. Alijaza chungu kizima, hakuna mutu wa kula." Esperansi akaondoa, akaweka sahani, na Papa Amosi ikabidi aingize watu wake wote upya. Aliwaingiza kwa hasira, kwa mbio, siku tatu, kabla Papa Zakaria hajaanza wake.

Halafu likaja jambo la kuzaliwa. Programu haikutaka majina tunayoitana. Kwetu mama mwenye mtoto haitwi jina lake, ni kama kumvua kitambaa barabarani. Anaitwa Mama Neema, Mama Obedi, na jina lake linabaki kwa wazazi wake na kwenye karatasi. Programu ilitaka jina la karatasi na tarehe ya kuzaliwa. Na tarehe ya kuzaliwa, sote tulipewa na karani wa kambi. Ulimwambia ulizaliwa wakati wa maharage kuchanua, yeye akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, akakutazama uso, akakupa mwaka. Nilimtajia Esperansi watu wa Louisville mmoja mmoja, na kila mara vidole vyake viliandika moja, moja. Akaacha kuandika, akanitazama. "Koko, hii programu itafikiri kanisa nzima ni mapacha." Tukacheka. Mama Neema aliyekuwa anapika alikuja kuuliza tunacheka nini, akacheka na yeye, maana naye ni wa tarehe moja. Wiki iliyofuata huyohuyo Mama Neema alichomoa waya wa seva ili achomeke sufuria kubwa ya umeme, na Papa Zakaria akapiga simu mchana kweupe, sauti imekauka: "Esperansi, batu yote ya Buffalo bamepotea." Sufuria ikachomolewa, wakarudi. Tangu hapo tulifunga waya kwa utepe wa gundi na kuandika juu yake neno MSIBA, kwa sababu hilo kila mama angeliheshimu.

Sasa nieleze habari ya Riziki, na hapa sijipambi. Katika umoja wetu kulikuwa na wanawake wawili wanaoitwa Riziki Nabintu kwa karatasi. Mmoja alikaa Hilliard, Mama Zawadi, mtu wa polepole, aliyeshona mashuka ya hospitali katika kiwanda. Mwingine alikuwa wangu, Mama Obedi. Tulikaa ukuta mmoja miaka kumi na moja kambini, na miaka minne hapa Beechmont mlango kwa mlango. Alijua nikikohoa ni kikohozi gani. Kisha mwanawe Obedi akanunua nyumba Buffalo, kule East Side, ambako nyumba ilikuwa rahisi, na siku moja nilirudi kutoka kliniki nikakuta mlango wa Riziki uko wazi na chumba kimefagiliwa. Hakuniaga. Niliwaambia watu kwamba sijali. Alipiga simu, sikupokea. Alipiga tena baada ya wiki, sikupokea, akaacha. Ikapita miaka mitatu.

Wote wawili ni wa tarehe moja mwezi wa kwanza, na yule karani aliwapa mwaka mmoja. Papa Amosi alimwingiza wake kwanza. Papa Zakaria alipotaka kumwingiza wake, programu ikamwambia mtu huyu yupo tayari, ikamwonyesha Riziki Nabintu, mji Columbus. Yeye hakumjua yule wa Hilliard. Akaona Papa Amosi amemwibia mtu. Akafuta Columbus akaandika Buffalo, akaweka na simu ya Riziki wangu. Baada ya siku chache Papa Amosi akaona mtu wake amehamishwa, akafuta Buffalo akaandika Columbus. Kupigiana simu ilikuwa kujishusha, kwa hiyo hawakupigiana. Walimvuta yule mwanamke mmoja wa kwenye mashine tangu majani yaanze kuanguka mpaka theluji, Jumatatu yuko Columbus, Alhamisi yuko Buffalo, na sisi huku kwenye chungu tuliona kila kitu.

Esperansi aliniuliza. Ninakumbuka siku, ninakumbuka alikuwa anakula chapati kwa mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki safi. "Koko, huyu Riziki Nabintu, anahamahama kila wiki? Ni mutu moja ao wawili?"

Nilijua. Hakuna mtu katika miji mitatu aliyejua kama mimi. Ningesema neno moja, wawili, na Esperansi angeweka alama ya kuwatenganisha kwa dakika tano. Lakini kusema wawili kungenilazimu kumtaja Mama Obedi, mji wake, watoto wake, na nilikuwa nimejiapiza jina lake lisitoke kinywani mwangu. Nikanywa chai. Nikasema, "Sijui. Labda anahama. Huyo ni mtu wa kuhama bila kuaga."

Esperansi akadhani ni utani wa wazee. Akacheka, akaendelea na kazi.

Mwezi wa pili, asubuhi, nilikuwa jikoni namenya viazi. Simu ikatetemeka juu ya meza. Ni programu, Esperansi aliipanga iwe inatuma habari kwa nyumba zote mara mtu akiwekwa alama ya marehemu. Nilisoma kwa kidole kama ninavyosoma siku zote. Tunawatangazia kifo cha Riziki Nabintu, Buffalo. Nikasoma tena kutoka mwanzo. Kisu kilikuwa bado mkononi, na ganda la kiazi lilikuwa linaning'inia halijakatika, nikalitazama hilo ganda muda mrefu. Kwetu habari ya kifo haiji hivyo. Inakuja na miguu, inakaa, inaomba maji. Hii ilikuja ikanikuta nimesimama, hakuna mtu wa kunishika, na katika kichwa changu kulikuwa na simu mbili tu ambazo sikupokea.

Mtu wa leo atauliza, mbona hamkupiga simu Buffalo? Kwetu nyumba ya msiba haipigiwi simu. Utamuuliza nini mfiwa, kama ni kweli? Unakwenda. Ukishindwa kwenda unatuma mtu aende. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyepiga, na kila mwenye gari na siku ya mapumziko aliingia barabarani. Esperansi aliomba ruhusa kazini, akanijia. Nilivaa kitenge cheusi, nikachukua blanketi. Ndani ya gari hatukuwasha nyimbo. Simu yake ililia ndani ya mkoba mara nyingi, naye haongei akiendesha barabara kuu, hiyo ni sheria yake. Nje kulikuwa na theluji chafu kando ya njia na malori, malori. Tulipopita Cincinnati nikasema, "Tupite Hilliard. Tumchukue Mama Zawadi. Wajina wake amekufa, asizikwe bila yeye kuwapo." Esperansi akageuza uso kidogo. "Wajina? Koko, Hilliard nako kuko Riziki?"

"Ndiyo."

"Riziki Nabintu?"

"Ndiyo."

Mpaka Columbus mikono yake ilishika usukani kama inaning'inia mtini.

Nyumba ya Mama Zawadi ilikuwa ghorofa ya chini, katika majengo ya matofali. Zawadi ndiye aliyefungua, binti yake mkubwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitenge kimefungwa kiunoni. Aliniangukia shingoni. "Koko, asante kuya. Ni nyinyi wa kwanza." Nikamshika mgongo, nikafikiri moyo wa mtoto huyu ni mzuri, anamlilia wajina wa mama yake. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Mwambie mama yako avae koti, tunakwenda naye Buffalo."

Aliniachia. Akamtazama Esperansi, akanitazama mimi. "Mama avae koti?"

Nyuma yake niliona sebule. Viti vya kukunja vimepangwa kuzunguka ukuta wote, kumi na vinane, nilivihesabu bila kutaka, na kwenye vyote amekaa shangazi mmoja tu, macho mekundu. Kwenye meza ndogo kulikuwa na picha ya Mama Zawadi na taa imewashwa mbele yake. Jikoni sufuria kubwa ya chai ilikuwa inachemka kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Zawadi akasema, kama anatueleza sisi wagonjwa, "Mama alitutoka saa kumi na moja asubuhi. Papa Amosi alikuya kuomba naye. Alisema ameshatangaza kwa mashine, tungoje, batu banakuya. Tunangoja."

Hapo nikaelewa, na hapo nikafanya jambo ambalo miaka sita haijalifuta. Moyo wangu uliruka. Nikashika mlango, nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Asante Mungu. Kumbe si Riziki."

Zawadi akaniuliza, taratibu kabisa, "Na huyu wangu, koko, yeye ni nani?"

Esperansi alikuwa ametoa simu mkobani. Papa Zakaria alikuwa amepiga mara kumi na moja. Papa Amosi, tulikuja kujua, alikuwa amebonyeza alama ya marehemu kabla ya kwenda kazini, akaangalia jina, akaangalia tarehe moja mwezi wa kwanza, hakuangalia mji, na siku hiyo mji ulikuwa Buffalo kwa sababu Papa Zakaria alikuwa ameuvuta juzi yake. Kisha akaingia bohari ambako simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Watu wa Columbus wenyewe walisoma Buffalo, wakapita kwenye barabara inayopita karibu na mlango wa Zawadi, wakaenda.

Esperansi alipiga Buffalo, akanipa simu, nikaingia nayo jikoni. Nyuma ya sauti kulikuwa na watu wengi, vijiko, mtoto analia.

"Nani huyo?"

"Eliza."

Riziki akasema, "Eliza. Miaka tatu hupokei simu, unanipigia juu nimekufa?" Nilikaa chini, sakafuni. Akaendelea, na nilisikia kwamba anatafuna. "Batu bamejaa nyumba. Banapanda ngazi na kulia, miye nafungua mulango. Mama Faraja ameanguka hapo kwa baraza, tumemumwangia maji. Maharagi ilikuwa ya wiki, bamekula yote. Banakula banalia, banasema na hivi tumeshakuya."

"Riziki," nikasema, "aliyekufa ni wajina wako. Mama Zawadi wa Hilliard."

Akaacha kutafuna. "Nani iko na batoto yake?"

"Ni mimi na Esperansi, na shangazi yao."

"Batu ngapi?"

"Sisi tu."

"Bon," akasema. "Minakuya." Akakata.

Nilipoinuka, Zawadi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Ningeweza kunyamaza tena. Papa Amosi na Papa Zakaria walikuwa na makosa ya kutosha, hakuna ambaye angelitafuta la kwangu, na Esperansi asingenitaja. Nilizima moto wa chai kwanza, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nikamwambia kwamba niliulizwa kama ni mtu mmoja ama wawili, na nilijua ni wawili, na nilimjua mama yake kwa jina na kwa uso, na nikasema sijui, kwa kinyongo changu na mtu mwingine ambacho hakikumhusu hata kidogo. Nilisema kwa maneno machache, yalitoka kama mawe. Esperansi nyuma yake aliinamisha kichwa. Hapo ndipo alipojua na yeye kwa nini.

Zawadi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Mama alipanga ile viti mwenyewe kwa kila msiba ya hapa. Alikuwa anafika wa kwanza. Tangu asubuhi minauliza alikosea nani." Akachukua simu yake mezani, akaiweka mkononi mwangu. "Unajua jina ya kila mutu. Baite. Moja moja. Sema ni mama yangu."

Nikavunja desturi. Mimi niliyefundishwa kwamba kifo hakisemwi kwenye simu, nilikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile kumi na vinane nikakisema kwenye simu mpaka sauti ikakauka. Nilianza na waliokuwa barabarani. Namba nyingi Esperansi alinitafutia, majina yalitoka kwangu. Kila mmoja nilimwambia hivi: "Ni Eliza wa Louisville. Aliyekufa ni Riziki Nabintu, mama yake Zawadi, wa Hilliard. Nyumba yake iko wazi na hakuna mtu. Geuza gari." Wengine walinifikiria nimechanganyikiwa na uzee. Kwa wengine nilisikia tu gari linapunguza mwendo. Papa Amosi nilimwachia ujumbe, akausoma zamu ilipoisha na simu ikatoka kabatini, akaja na nguo za kazi, mara ya kwanza katika maisha yake watu kumwona na suruali yenye mikunjo. Akapiga magoti mbele ya Zawadi akashindwa kuomba. Kabla jua halijazama viti kumi na vinane vilijaa, watu wakakaa kwenye zulia.

Riziki alifika kesho yake asubuhi, na magari saba nyuma yake. Walikuwa walewale waliokwenda kumzika yeye, na walibeba vyakula vilevile vilivyopikwa kwa msiba wake, sufuria kwa sufuria. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda akakaa chini, pembeni ya Zawadi, akavua viatu. Wajina wa mama yako ni mama yako, sisi hatuna haja ya kuambizana. Zawadi akalaza kichwa mapajani mwake akalia kama hakuwa amelia bado. Walikaa hivyo mpaka mchana. Papa Zakaria alisimama kwenye kona, hachekicheki, na Papa Amosi akamsogelea akampa kiti.

Nilingoja Riziki atoke kunawa mikono ndipo nikamfuata. Nilitaka kumwomba msamaha, nilikuwa nimepanga maneno. Akanikatiza. "Siku ile nilikungoja mupaka saa sita. Gari ya kubeba vitu ilikuwa ya kukodi, banahesabia Obedi kwa saa. Ndio hivyo tu." Miaka mitatu yangu ilikuwa imejengwa juu ya gari la kukodi. Nikasema, "Riziki, unisamehe." Akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Miye niko muzima, Eliza. Hauna kitu ya kuomba kwangu. Omba kwa ile amefiwa."

Katika mazishi yetu kuna mtu anayesimama kaburini na kutaja, huyu alikuwa binti wa fulani, mama wa fulani, dada wa fulani, wote, walio hai na waliokufa, bila kusoma. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa yangu, hapa na kambini. Wiki ile Zawadi alimtuma shangazi kuniambia kwamba kwa mama yake atataja mtu mwingine. Aliyetaja ni Riziki wangu. Alisahau wawili, nikawajua ni nani, nikaufunga mdomo wangu. Nilisimama nyuma kabisa kwenye baridi, kati ya watu wa kiwanda alichoshonea marehemu, wasiotujua, nikasikia jina la Riziki Nabintu likitajwa, na Riziki Nabintu akiwa ndiye anayelitaja.

Baada ya kaburi watu walirudi kula. Mimi sikukaa na watu, niliingia jikoni, nikakunja mikono ya nguo nikaanza kuosha. Nilikwisha osha sahani zote na nilikuwa kwenye sufuria Zawadi alipoingia. Alikuwa hajanipa neno tangu aliponipa simu. Akatazama lile rundo, sufuria za miji mitatu zimepandana mpaka dirishani. Akachukua kitambaa, akainua moja, akaigeuza.

"Koko, hii si yetu. Ni ya nani?"

"Hiyo ni ya Mama Faraja. Jina lake ni Mapendo Sifa. Buffalo."

Akaipangusa, akaiweka upande wa dirisha. Akainua nyingine. "Na hii?"

"Ya mke wa Papa Amosi. Furaha Nyota. Hapahapa Hilliard."

Akaiweka mlangoni. Akachukua ya tatu, akanionyesha bila kuuliza, nikamwambia ya nani, mama wa nani, wa wapi. Tukaendelea hivyo mpaka maji yakapoa.